Ndege Zilizotua Majini, Kutoka Rufiji hadi Mto Dungu

Ukikaa kwenye kiti cha rubani cha Grumman Goose ikiwa bado inaelea, maji yako karibu usawa wa kiwiko chako. Wimbi likipiga ubavuni unalisikia mgongoni, maana kati yako na bahari kuna bati jembamba la alumini na safu za ribiti, basi. Ndege hii iliruka mara ya kwanza Mei 1937. Walioiagiza walikuwa matajiri wa Long Island waliotaka kutoka nyumbani asubuhi na kutua majini karibu na ofisi zao Manhattan. Mimi nilijifunza kuirusha miaka mingi baadaye, pwani ya Pasifiki ya Kanada, kwa mzee aliyekuwa ameshazeeka nayo.

Ni tumbo la mashua lililowekewa bawa juu. Injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja nguvu farasi 450, zimepandishwa kwenye bawa ili mapangaboi yasichote maji. Chini ya kila bawa pana boya la kuizuia isilale ubavu, kazi ileile ya matengo ya ngalawa. Usukani wa majini haina. Unataka kwenda kulia, unaongeza moto injini ya kushoto. Unataka kushoto, unaongeza ya kulia. Na muda wote huo upepo unaivuta pua ielekee joshi, upende usipende. Haina breki. Ukikosea hesabu ya kufika gatini, hakuna pedali ya kukuokoa.

Kuondoka ndiko kunakomfundisha mtu. Unavuta usukani hadi tumboni, unaziachia injini zote mbili, na mara kioo cha mbele kinafunikwa na maji, huoni kitu. Unasubiri. Pua inapanda, kioo kinasafika, na ndege inaanza kujikwamua ili ikae juu ya kidato, yaani ule mkato ulio chini ya tumbo unaoruhusu hewa kupenya ili maji yaache kuling'ang'ania bati. Hapo unalegeza usukani taratibu. Ukilegeza kupita kiasi pua inainama, inainuka, inainama tena zaidi, na mara ya tatu au ya nne ndege inaweza kujitupa. Ukilegeza sawasawa, kishindo cha mawimbi kinageuka mtetemo wa harakaharaka chini ya miguu, halafu kinakatika ghafla. Umeshapaa.

Halafu kuna magurudumu. Ndege ya majini tupu haina hofu hiyo, lakini hii ya maji na nchi kavu inayo kila siku. Ukitua uwanjani magurudumu yakiwa ndani, utakwaruza mkuku na kulipa fundi. Ukitua majini magurudumu yakiwa nje, yanashika maji, pua inazama, na ndege inapinduka mkiwa mmefungwa mikanda. Kwenye Goose ya zamani magurudumu hupandishwa kwa mkono, kwa kuzungusha mpini, na mzee wangu alinitaka nitamke kwa sauti kila nilipokaribia kutua: natua majini, gurudumu la kushoto liko juu, la kulia liko juu. Kuwaza kimya hakukutosha. Alitaka asikie, na alitaka niyatazame kwa macho dirishani huku nikisema.

Nimeeleza haya kwanza kwa sababu historia ya ndege za majini katika nchi zetu huandikwa kwa macho ya abiria: viti vipana, chai mezani, viboko wakionekana chini. Mimi ni mtoto wa Mafia. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likipakia nazi Kilindoni kwenda Dar es Salaam, na tulipokaribia bandari alikuwa haitazami bandari, alikuwa anatazama maji: doa jeusi linalokuja mbio ni upepo, mistari ya povu inaonyesha unakotoka, mahali panapong'aa kati ya mawimbi pana mwamba. Niliyaona hayo hayo yakimfanya rubani awe rubani au asiwe. Ukizipitia ndege zilizofika kwetu tangu mwaka 1914, utaona kwamba karibu kila mafanikio na kila maafa yao yaliamuliwa na maji kabla ya anga.

Na zilianzia kwetu kabisa. Septemba 20, 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya mikono ya mto Rufiji. Kutoka baharini haikuonekana. Mikoko ilikuwa imeifunika. Waingereza wakamkodi Durban rubani wa kiraia, Dennis Cutler, pamoja na ndege zake za majini za Curtiss, wakamweka Niororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Hapo ndipo ndege ya majini ilipoanza kazi ya vita katika pwani hii. Rejeta ya injini ilivuja, na meli ikatumwa hadi Mombasa kutafuta nyingine, ikarudi na rejeta ya gari aina ya Ford. Wakaifunga. Novemba Cutler akaiona Königsberg, ikiwa ndani kabisa ya delta. Desemba injini ikamsaliti, akashuka mtoni, akakamatwa.

Februari 1915 zikaletwa Niororo ndege za Sopwith zenye maboya, na hizo ziliaibishwa na hali ya hewa. Gundi iliachia, mbao zikapinda, na hewa ya moto ikazinyima injini nguvu. Anayeijua Mafia mwezi wa Februari hatashangaa. Kaskazi inapolegea, bahari inalala, joto linatuama, na hewa yenyewe inakuwa nyepesi kiasi kwamba bawa halipati cha kukanyaga. Na bahari iliyolala si rafiki wa ndege ya majini. Abiria hupenda shwari. Rubani huiogopa mara mbili. Wakati wa kuondoka, maji yasiyo na kiwimbi hulinyonya tumbo la ndege lisibanduke, na dawa yake ya kale ni kutuma motaboti izunguke mbele ili iyavuruge. Wakati wa kutua, mbingu na maji vinaungana, na jicho haliwezi kusema umebakisha mita 20 au mita 2. Hapo hutui kwa kuona. Unaiweka pua juu kidogo, unaruhusu ndege ishuke polepole mno, unatulia, na unangoja maji yakukute. Mikono inataka kufanya kitu, nawe unaikataza. Hakuna subira nyingine kwenye urubani inayofanana na hiyo.

Königsberg iliangamizwa Julai 11, 1915 na meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, huku mizinga ikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Ndege hizo zilikuwa za magurudumu. Za majini zilikuwa zimeshindwa na bahari yetu.

Mwaka uliofuata kuna waliofanya hesabu vizuri zaidi. Wabelgiji walikopeshwa na Waingereza ndege 4 za majini aina ya Short 827, zikafungwa makasha, zikaingia Kongo kwa bandari ya Matadi, zikapanda reli, zikapanda meli za mtoni, hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo likichafuka lina mawimbi ya bahari, na ndege yenye maboya ya mbao haiyawezi. Kwa hiyo kambi haikuwekwa kwenye ziwa lenyewe. Iliwekwa kwenye maji madogo ya Tungwe, karibu na Kalemie ya leo, mahali palipositirika. Kutoka hapo, Juni 1916, Aimé Behaeghe aliruka akavuka ziwa lote na kudondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwezi uliofuata, walipokuwa wakiondoka. Iliibuliwa mwaka 1924, na wasafiri wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Wanahistoria wa vita huandika sana juu ya mabomu. Mimi naiona hekima kwenye uchaguzi wa Tungwe. Mtu fulani alikaa ufukweni akatazama maji kabla ya kufungua makasha.

Baada ya vita wakaja watalii wa anga. Mswisi Walter Mittelholzer alitoka Zürich Desemba 1926 na Dornier yenye maboya, akapita Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa hadi Cape Town. Alan Cobham aliizunguka Afrika yote kwa ndege ya Short Singapore kati ya Novemba 1927 na Mei 1928, akipima njia.

Waliokuja na ndege za maji na nchi kavu hasa, dada zake Goose yangu, ni Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, mwaka 1933. Walikuwa na Sikorsky mbili. Ile kubwa, S-38, yenye injini mbili, waliipaka milia ya punda milia. Ile ndogo, S-39, yenye injini moja, waliipaka madoa ya twiga. Ndani ya ile kubwa waliweka vitanda na mahali pa kupikia. Zilishushwa melini Cape Town zikaruka hadi Nairobi, na kutoka hapo zikawa zinatua kwenye nyika asubuhi na Ziwa Turkana jioni. Rubani mmoja alikuwa Boris Sergievsky, Mrusi aliyepigana angani katika Vita vya Kwanza, na mwingine Vern Carstens. Filamu za akina Johnson zinaniudhi. Ziliwafanya watu wa nchi kuwa kichekesho cha kumburudisha mtazamaji wa Marekani. Lakini uendeshaji wa ndege zile nauheshimu. Turkana ina upepo unaovuma kwa nguvu kutoka kusini mashariki, wenyeji hawalali hema zikiwa hazijakazwa, na kutia nanga pale chombo chenye mabawa mawili yanayotaka kupaa yenyewe ni kazi ya mabaharia wa kweli.

Sasa zile kubwa. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia kutoka Croydon, London, hadi Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum kuja maziwani kilikuwa cha ndege za majini za Short Calcutta. Halafu Juni 1937 njia nzima kutoka Southampton hadi Durban ikawa ya maji, kwa ndege mpya za daraja la C. Zilikuwa na injini 4, mabawa yenye upana wa mita karibu 35 na ghorofa mbili ndani. Zilifuata Nile hadi Port Bell, zikaja Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na Durban. Sababu kubwa ilikuwa barua: serikali ya Uingereza ilitaka barua zote za himaya zisafiri angani kwa bei ndogo. Sababu ya kuchagua maji ilikuwa kwamba maji hayahitaji kulimwa. Kiwanja cha kubeba ndege ya tani 18 Lindi kingegharimu fedha nyingi. Bandari ya Lindi ilikuwapo.

Haikuhitaji kulimwa, lakini ilihitaji watu. Kabla ndege haijafika, motaboti ilitoka kufagia njia: magogo, mitumbwi, nyavu, na maziwani viboko. Ndege ikishatua, rubani aliifikisha kwenye boya kwa injini tu, huku mtu amesimama kwenye tundu la puani na upondo wenye ndoana, akiwa na nafasi moja ya kulidaka. Ikishafungwa, boti ya abiria ilisogea, ya mafuta ikasogea, na baharia aliyekadiria mwendo vibaya alitoboa bati. Tumbo likaguliwe, maji yaliyoingia yafuliwe. Baharini ongeza chumvi: inakula alumini usiku na mchana, na asiyeosha ndege yake kwa maji baridi leo atanunua bati kesho. Niliwahi kutumia jioni nzima nimelala kifudifudi ndani ya Goose na tochi, natafuta ribiti moja iliyokuwa ikitoa jasho. Ndege ya nchi kavu ukiifunga kiwanjani unakwenda kulala. Hii unalala ukisikiliza upepo.

Kwenye maziwa kuna jambo jingine ambalo ramani hailisemi. Victoria iko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Kisumu hajioni kuwa yuko mlimani, lakini injini inajua. Hewa nyepesi, joto, maji yaliyotulia alfajiri, mzigo wa barua: ndege inakwenda, inakwenda, na upande wa pili wa ghuba unakaribia.

Vita vya Pili vilileta ndege za majini za Catalina. Kikosi cha 259 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa Kipevu, Mombasa, Februari 1943, kikahamia Dar es Salaam mwaka huohuo. Kazi yake ilikuwa kusaka nyambizi kwenye Bahari ya Hindi, doria za saa nyingi mno juu ya maji matupu. Agosti 20, 1943, Catalina za kikosi hicho na cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Hakuna aliyeokoka ndani yake. Kipevu ya leo ni makontena na mafuta.

Vita hivyohivyo viliziua ndege za majini. Majeshi yalijenga viwanja vya lami dunia nzima, na baada ya amani ndege za magurudumu zikawa na pa kutua kila mahali. Zikaruka juu zaidi, haraka zaidi, usiku pia, bila motaboti, bila boya. Ndege za Solent ziliendelea kutoka Southampton hadi bwawa la Vaal karibu na Johannesburg, zikipumzika Port Bell, na Wakenya wa umri mkubwa wanakumbuka zikitua Naivasha. Novemba 1950 huduma hiyo ikafungwa.

Nimeiacha Corsair mwisho kwa makusudi, maana ndiyo ninayoifikiria zaidi.

Machi 14, 1939 ndege ya daraja la C iitwayo Corsair iliondoka Port Bell kwenda Juba. Nahodha wake alikuwa Alcock, ndugu wa yule John Alcock aliyevuka Atlantiki mwaka 1919. Chombo cha kutafuta mwelekeo kwa redio kilikuwa na hitilafu, na walipotambua kwamba Nile haionekani popote, mafuta yalikuwa yanakwisha. Chini palikuwa na kijito tu: mto Dungu, karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, zaidi ya kilomita 200 kutoka Juba. Mto wenyewe mwembamba, una kona, rangi ya udongo. Alcock akatua. Nimejaribu mara nyingi kujiweka kwenye kiti chake. Mabawa ya mita 35 kati ya kuta mbili za miti, injini zinakohoa, na hayo maji ya kahawia hayamwambii kitu juu ya kilicho chini. Alitua vizuri. Kisha jiwe lililofichika likapasua tumbo. Alifanya jambo moja sahihi, akaziachia injini na kuipandisha ndege kwenye tope la ukingoni kabla haijazama. Wote wakatoka wazima.

Mafundi waliletwa kutoka Uingereza wakaiziba papo hapo msituni, kazi ya miezi. Ilipokuwa tayari Alcock alijaribu kuiondoa, ikagonga jiwe jingine, ikapasuka tena. Wakaanza upya. Septemba vita vikalipuka, na ndege ya namna ile haikuweza tena kuachwa ioze. Mto ulikuwa umepungua, na mto uliopungua haurushi ndege ya tani 18. Ndipo likatolewa wazo ambalo babu yangu angelielewa mara moja: kama maji hayatoshi, yazuiwe. Watu wa Faradje, vibarua kwa wingi, wakajenga lambo la kukata mto kwa mbao, mawe na udongo, wakiamrishwa na Wabelgiji na Waingereza. Nyuma yake Dungu ukajaa ukawa ziwa refu. Kijiji kilichoota pale kwa ajili ya kazi hiyo kikaitwa Corsairville.

Januari 6, 1940 aliyeketi kwenye usukani alikuwa nahodha mwingine, Jack Kelly-Rogers. Maji yalikuwa yameinuliwa na mikono ya watu; urefu wa kukimbilia ulikuwa mfupi, na mbele palikuwa na kona. Akaziachia injini zote nne, Corsair ikapanda kidato, ikabanduka, ikapita juu ya miti.

Iliendelea kufanya kazi vita vyote. Ilivunjwa vipande kuwa chuma chakavu mwaka 1947.